Kugusa na Kuachia

Kwenye mlango wa chumba cha vyombo kanisani kwetu, hapa Mpanda, imebandikwa karatasi ya manila yenye makatazo ya wanamuziki. Marufuku kupiga nyimbo za dunia. Marufuku kuingia na viatu vyenye tope. Marufuku kutoa chombo nje bila kibali cha mzee wa zamu. Marufuku sauti zisizo za ibada. Hilo la mwisho liliongezwa kwa ajili yangu: mwandiko ni mwingine, wino ni mwingine, na herufi zimebanana ukingoni kwa kuwa nafasi ilikwisha.

Sauti iliyoshitakiwa ni ile ambayo wapiga gitaa huiita pinchi, yaani hamoniki ya kubana. Asiyeizoea anaweza kudhani spika imepasuka. Unapiga noti ya kawaida, ya katikati, isiyomshtua mtu. Kisha kutoka kwenye noti hiyohiyo, bila kusogeza kidole hata kimoja shingoni mwa gitaa, inachomoka sauti nyembamba ya juu sana, kali, inayolia na kupindapinda. Mama mmoja wa idara ya wanawake alisema inafanana na nguruwe anayechinjwa. Sikumbishia. Hata wanaoipenda huisifu kwa maneno ya jamii hiyo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na Jumapili napiga gitaa la solo. Siku pinchi ilipotoka vizuri kwa mara ya kwanza mbele ya watu, katikati ya pambio la sifa, mzee mmoja mstaafu wa reli alinifuata baada ya ibada nikiwa nazungusha nyaya mkononi.

“Mwalimu, ile sauti uliipiga wewe au ilijipiga?”

“Imo ndani ya uzi, baba. Imo siku zote.”

“Kama imo siku zote, mbona siku zote hatuisikii?”

Nikamweleza kwamba kuna sauti kubwa inayoifunika, na mimi nimeizuia kidogo hiyo kubwa. Akatikisa kichwa. “Kumbe na wewe unapiga marufuku,” akasema, akaenda zake kutafuta bodaboda.

Nadhani alitania tu, lakini kauli ile imekaa nami. Nimekulia ndani ya makatazo, ya kanisa, ya nyumbani, ya bweni, na sasa nayasimamia mwenyewe kila asubuhi nikiwa mwalimu wa zamu. Wanaoyatetea husema yanatulinda na uovu. Wanaoyapinga husema yanatunyima uhai. Pande zote mbili zinakubaliana jambo moja bila kulisema: kwamba kazi ya katazo ni kuondoa, na ubishi uliobaki ni juu ya thamani ya kilichoondolewa. Gitaa limenifanya niulize jingine. Baada ya kuzuia, kinasikika nini?

Uzi wa gitaa haupigi noti moja. Chukua uzi wa tano, ule wa la, uupige ukiwa wazi: unatetema mara 110 kwa sekunde kwa urefu wake wote, na wakati huohuo unatetema kwa nusu zake mara 220, kwa theluthi zake mara 330, kwa robo zake mara 440, na kuendelea kupanda hivyo. Sikio huikusanya mitetemo yote hiyo na kuipa jina la ule wa chini. Sasa, kila mmoja kati ya hiyo ya juu una mahali pake ambapo uzi hautikisiki hata kidogo. Maabara tunapaita nodi. Gusa uzi kwa wepesi penye nodi ya mtetemo wa tano, na kila mtetemo uliohitaji kutikisika mahali hapo unakufa, pamoja na ule mkubwa wa chini. Wa tano unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, maana pale ulipogusa haukuwa na haja napo. Unabaki na jamaa zake wachache, wa kumi na wa kumi na tano. Hujaongeza kitu kwenye uzi. Umezuia tu, na hiyo ndiyo pinchi.

Kazi hii inafanywa na mkono wa kulia kwa pigo moja. Piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, unaishika fupi, ncha yake ichungulie tu kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Unapiga kwenda chini, na mara piki inapoachana na uzi, nyama ya ubavuni mwa dole gumba inaupangusa uzi huohuo na kuondoka. Ikigusa mapema, uzi haupati hata nafasi ya kutetema. Ikichelewa, noti kubwa imeshatoka na haikamatiki tena. Ikigusa kwa wakati wake lakini ikang'ang'ania hapo, unapata kishindo kikavu kisicho noti wala mlio. Kipindi kile cha kujifunza, ukingo wa dole gumba langu ulikuwa na mstari mweusi wa kutu ya nyuzi usiotoka kwa sabuni, na wanafunzi waliuona nikiandika ubaoni. Sijui walidhani ninafanya kazi gani jioni.

Gitaa lenyewe ni la Kichina, limeiga umbo la Fender, na lilikuja kutoka Tabora kwa treni likiwa limezungushiwa blanketi. Treni hiyo huiacha reli kuu Kaliua na kukata pori hadi kwetu, juu ya njia ambayo Waingereza waliijenga kufuata madini ya risasi ya machimbo ya Mpanda. Nilianza kujifunza wakati umeme wetu ulikuwa bado ni wa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya Taifa, ukikatika bila kuaga. Ukikatika, pinchi nayo inaondoka. Dole gumba linafanya kilekile na uzi unafanya kilekile, ila bila ampli na bila distosheni mitetemo hiyo ya juu ni hafifu mno kufika hata mlangoni. Distosheni huzipandisha sauti dhaifu zikakaribia kimo cha zile zenye nguvu. Kisha kuna pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi. Pikapu ikikaa sawasawa chini ya nodi ya mtetemo fulani, haiusikii mtetemo huo hata uwe na nguvu namna gani, kwa sababu mahali pale uzi hautikisiki. Ndiyo maana nachagua ile ya karibu na briji, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa.

Kwa hiyo “imo siku zote” ni nusu ya jambo. Imo, lakini mpaka awepo wa kupiga, wa kuzuia, na wa kusikia aliyekaa mahali panapofaa. Mwanafalsafa anayetaka kujua kama sauti ile imeumbwa au imefunuliwa atakuta gitaa halimsaidii kuchagua upande. Mimi swali hilo nimeliacha kwake. Langu ni la yule wa kuzuia.

Najua wahubiri wakifika hapa watakuwa wameshafungua habari ya Eliya pale Horebu, upepo na tetemeko na moto, na Mungu asiwemo katika vishindo hivyo. Watasema: unaona, nyamaza utasikia. Hapana. Pinchi si utulivu. Jumapili ile ndiyo iliyokuwa sauti kali kuliko zote ndani ya jengo, na watoto wa shule ya Jumapili walitoka chumba cha nyuma kuja kuchungulia. Anayeulaza mkono mzima juu ya nyuzi hapati sauti iliyofichika. Anapata nyuzi zilizonyamaza. Ukimya wa namna hiyo kanisani tunao mwingi, na huwa tunausifia kwamba ni nidhamu.

Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, aliwahi kushindana na jambo hili hasa. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake, mwishoni mwa karne ya 4, anasumbuliwa na utamu wa zaburi zinazoimbwa: anajikuta ameguswa na sauti kuliko na maneno, naye anaona hilo ni dhambi. Anamkumbuka Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliyesemekana kumwagiza msomaji aisome zaburi kwa kupandisha na kushusha sauti kidogo sana, iwe karibu na kuzungumza kuliko kuimba. Kuna wakati Augustino anaona hiyo ndiyo njia ya salama, nyimbo zote ziondolewe masikioni mwake. Halafu anayakumbuka machozi yake ya siku za mwanzo za kuongoka, na mkono unasita. Mwishoni anaegemea upande wa kuziacha nyimbo, bila kutangaza kwamba amekata shauri. Ninampenda kwa kusita huko. Ni mtu anayejua kwamba kiganja kizima kitaua kitu, lakini hajapata bado mahali pa kuweka dole gumba.

Wenzetu wa kamati ya ile karatasi ya mlangoni hawasiti. Ukiwauliza “sauti zisizo za ibada” ni zipi, wanakujibu kwa kutaja ala. Basi nitaje mtu. Wengi wakizungumzia asili ya pinchi humtaja Roy Buchanan, Mmarekani aliyezaliwa 1939, kwa rekodi aliyopiga na mpiga ngoma Bobby Gregg mwaka 1962. Buchanan alipenda kusimulia kwamba muziki ulimwingia utotoni kwenye mikutano ya uamsho ya Kipentekoste. Alidai hata baba yake alikuwa mhubiri, ingawa kaka yake alikanusha. Tuseme kaka ndiye mkweli. Bado mtu yule alipotafuta pa kuiweka asili ya sauti yake aliiweka kwenye mkutano wa injili. Nasi hapa tulimwona Remmy Ongala, baada ya miaka yote ya dansi na Super Matimila, akiokoka na kuimba injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Sauti ilikuwa ileile iliyokuwa ikijaza kumbi za dansi Dar es Salaam, na hakuiacha mlangoni.

Mwalimu mwenzangu wa historia, ambaye ofisi nzima tunamwita Ustadhi, alinisaidia zaidi kuliko wa kwetu. Nilimweleza habari za dole gumba tukisubiri chai ya saa nne. Akaniambia Imamu Ghazali alipoandika juu ya kusikiliza nyimbo, katika Ihya yake, hakuishia kuuliza nyimbo ipi halali na ipi haramu, japo hilo nalo analichambua kwa kirefu na ala nyingine anazikataa. Anarudi kwa Junayd wa Baghdad, aliyemtangulia kwa karibu miaka 200, na sharti lake kwamba kusikiliza kunataka wakati wake, mahali pake na watu wake. Nikamwambia Ustadhi huyo Junayd angekuwa mpiga gitaa mzuri. Hakucheka sana.

Kisha akaniongezea jambo ambalo sikuwa nimeliwaza, la Ramadhani. Sisi tulio nje ya Uislamu tunauona mfungo kama kujinyima tu, na tunaupima kwa ugumu wake: saa ngapi, jua kali kiasi gani. Ustadhi alinionyesha upande wa pili. Jua likizama, anayefunga anahimizwa kuharakisha futari. Kuunganisha funga ya leo na ya kesho bila kufuturu, Mtume aliwakataza wafuasi wake. Na siku ya Idi kufunga ni haramu kabisa. Maana yake ipo saa ambapo kuendelea kujizuia ndiko kosa kwenyewe. Katazo lina dakika yake ya kuanza na dakika yake ya kuondoa mkono, na kuondoa mkono si udhaifu wa katazo, ni sehemu yake. Nilirudi kwenye Kwaresima yetu nikiwa na swali. Wanaozihesabu siku 40 huziruka Jumapili, na tangu utoto nimeona hilo kama punguzo walilopewa wavivu. Siku hizi nawaza huenda aliyelipanga alikuwa na sikio.

Mwenye sikio la namna hiyo yuko nje ya mji, Katumba, makazi waliyopewa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengi wao na watoto wao sasa ni raia wa Tanzania. Babu wa mwanafunzi wangu mmoja wa zamani ana umuduri. Ni upinde wenye uzi mmoja, wake ni wa waya, na kibuyu kilichokatwa mdomo kimefungwa katikati ya upinde. Alikaa kwenye kigoda, akafungua vifungo vya juu vya shati ili mdomo wa kibuyu ukae juu ya ngozi, akaanza kuupiga waya kwa kijiti chembamba. Akikibana kibuyu kifuani, sauti ya chini inajaa na kuzama. Akikiachia kidogo, zile za juu zinachipuka moja moja. Kidole cha mkono ulioshika upinde kinausogelea waya kwa pembeni, kinaugusa, kinatoka. Ngozi ya kifua ilikuwa imeng'aa mahali pale.

Nilimuuliza anajuaje pa kugusa. “Pale panaposikika,” alisema, kama mtu anayejibu swali la mtoto. Na akikaa sana? “Ukikaa, waya unalala.” Nikamchezea pinchi kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akauliza bei ya gitaa. Nilipomtajia, alimgeukia mjukuu wake wakahesabu pamoja kwa Kirundi, kisha akanijulisha kwamba hizo ni mbuzi wanne, na mmoja angekuwa mwenye mimba.

Suala la mahali ndilo linalonishughulisha kuliko wepesi na kuliko muda, kwa sababu mahali panahama. Nikibonyeza uzi wa tatu kwenye freti ya pili, kile kipande cha pili cha chuma shingoni, nodi ya mtetemo wa tano iko karibu milimita 115 kutoka kwenye briji. Nikipanda mpaka freti ya tano kwenye uzi uleule, nodi hiyo imesogea hadi milimita 97 hivi. Noti imebadilika kidogo, na mahali pa kugusa pamehama kwa karibu sentimita mbili, wakati unene wa dole gumba unaosamehewa ni milimita chache. Aliyekariri sehemu moja kwa sababu jana ilimpa sauti, leo atapata sauti nyingine asiyoitaka au asipate kitu, na atalalamika kwamba uzi umeasi. Nafikiri hivi ndivyo ilivyokuwa kati ya Yesu na wale waliomwona na wanafunzi wake wakikwanyua masuke siku ya Sabato. Hakuifuta Sabato. Alikataa kwamba dole gumba libaki palepale hata noti ikibadilika, hata watu wakiwa na njaa.

Na miiko ya zamani ya huku ilikuwa na ujuzi fulani wa mahali. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa 1974, ina jina la Katabi, roho ambaye Wabende husimulia kwamba makao yake ni mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka shinani pake. Wazee wetu wa kanisa wanaita ushirikina, na mimi sijawahi kuacha kitu pale. Lakini natambua kwamba heshima ile yote imewekwa kwenye mti mmoja. Haikuwekwa kwenye pori zima. Mtu akifika kwenye mkwaju ule anapunguza sauti, akishapita anaendelea na safari yake akizungumza, na ule mmoja umemfanya awe macho kwa mingine yote.

Hapa ndipo ninapolazimika kusema habari ambazo hazikai vizuri ndani ya gitaa. Kila mwalimu wa Katavi anaijua takwimu moja: katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani kwetu walikuwa wameshazaa au wana mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Miaka ile msichana wa shule akipata mimba aliondolewa, na mlango ukafungwa nyuma yake. Nia ilitajwa kuwa njema: wengine waogope. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba anaweza kurudi masomoni baada ya kujifungua. Nimewafundisha wachache waliorudi. Hukaa dawati la mbele na huuliza maswali mengi kuliko wenzao. Lile katazo la kwanza lilikuwa kiganja kizima, miaka yote lilipodumu, na bado hiyo asilimia 45 ilikuwepo.

Kanisani nako tulikuwa na wa kwetu. Binti wa sauti ya kwanza, aliyekuwa na uwezo wa kuibeba kwaya nzima peke yake umeme ukikatika katikati ya wimbo, alipata mimba, akatengwa. Muda haukutajwa. Kijana aliyehusika alikuwa mpiga ngoma, na Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake, kwa sababu hakuna kipimo kinachomwonyesha mwanamume. Baada ya muda mrefu baraza lilimrudishia binti ushirika mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi, yeye akarudi kukaa benchi la nyuma na hakurudi kwaya. Sasa anauza mchele wa Mwamkulu sokoni. Nilipoanza kuyaandika haya nilimwendea, nikamweleza nadharia yangu yote, nodi na wepesi na kuondoa mkono, akinisikiliza huku anampimia mteja. Alipomaliza kufunga mfuko akaniambia, “Mwalimu, uzi ukikatika wewe unaagiza mwingine Tabora.”

Sina la kumjibu, na ninaandika nikijua hivyo. Mpiga gitaa anapokosea mahali, sikio humwambia papo hapo, na pigo linalofuata anarekebisha. Anayewawekea watu katazo, sikio lake linaweza kumchukua kizazi kizima kumwambia, na wale lililowazima hawarudi kutoa taarifa. Ni wachache wanaorudi, nao wanarudi benchi la nyuma. Kisha, uzi hauumii. Mtu anaweza kusema basi mfano wangu umevunjika, tuuache. Mimi nafundisha fizikia. Najua kwamba mfano hauthibitishi kitu. Lakini umenipa swali la kuliuliza kila katazo ninaloletewa, na hata ninalotaka kuliweka mwenyewe asubuhi nikiwa zamu na fimbo iko karibu. Siulizi tena limetoka kwa nani, wala ni gumu kiasi gani. Nauliza limewekwa wapi, litaondolewa lini, na baada yake tumesikia nini ambacho hatukuwa tunakisikia. Makatazo mengi ninayoyajua hayana jibu la swali la pili, na kwa la tatu wasimamizi wake hukutazama kama umetukana.

Yapo yenye majibu. Kanuni ya kwamba mtu asile mbele ya jeneza mpaka wenye msiba waalike, ambayo hakuna kanisa lililoiandika, ina mahali pake, ina dakika zake, na nimekaa ndani yake kwenye misiba nikasikia mambo ambayo sahani zingeyafunika. Kuzima simu kabla ya maombi ya Ijumaa usiku nayo nimeizoea, ingawa wazee huisahau wenyewe kwanza.

Kuhusu pinchi, kamati na mimi tumefikia mwafaka: naruhusiwa kwenye pambio za sifa, siruhusiwi kwenye Meza ya Bwana, na kwa kweli hata mimi nisingeipiga pale. Ni mipaka mizuri, na imenisaidia. Tangu iwekwe, naingoja mistari minne mizima kabla ya kuitoa.

Jumamosi kuna kikao cha baraza, nami nimepeleka hoja mbili kuhusu nidhamu ya kanisa. Ya kwanza, kila anayetengwa aandikiwe tarehe ya kurudi siku hiyohiyo anayotengwa. Ya pili, asitengwe mmoja wakati kosa ni la wawili. Katibu amenidokeza kwamba ya kwanza itapita. Kwa ya pili nitafute andiko. Nimemwambia lipo, katika Yohana sura ya 8: mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu kwa uzinzi, akiwa peke yake.